Kabla ya Kuhama Chrome, Tazama Umri wa Simu Yako

Agosti 2025 Google ilitoa toleo la 139 la Chrome, kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia tovuti, na toleo hilo halikubali kuingia kwenye simu yenye Android iliyo chini ya 10. Wenye Android 8 na 9 wakabaki na toleo la 138. Kwa macho hakuna kilichobadilika: kurasa zinafunguka, barua pepe zinaingia, tovuti ya benki inapokea nywila kama jana. Kilichokoma ni viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama. Kila tundu la usalama linalogunduliwa ndani ya Chrome tangu wakati huo linazibwa kwenye simu za watu wengine, na kwenye simu hizo linabaki wazi hadi simu ife au mwenyewe anunue nyingine.

Naanzia hapa kwa makusudi. Mjadala wa kuhama kivinjari kwa ajili ya usalama kwetu umegeuka kuwa wa Simba na Yanga: huyu Chrome, yule Firefox, mwingine Brave au Opera, na kila mmoja anaitetea timu yake. Swali linalorudiwa ni kivinjari kipi ni salama kuliko vyote. Swali hilo halijibiki. Kivinjari huwa salama kwenye kifaa fulani, katika mwaka fulani, mikononi mwa watengenezaji ambao bado wanakihudumia. Linalojibika, tena kila mtu anaweza kulijibu mwenyewe bila fundi, ni hili: kivinjari gani bado kinazibwa matundu yake kwenye kifaa nilicho nacho? Ukishalijibu, uamuzi wa kuhama au kubaki hauna tena ugumu mkubwa.

Vyombo vya serikali vilivyowahi kuushauri umma uhame kivinjari vilifuata mantiki hiyohiyo. Juni 2004 wahalifu waliingilia seva za tovuti za kawaida zilizokuwa zikitumia programu ya IIS ya Microsoft, wakapachika humo msimbo mfupi. Aliyetembelea tovuti hizo kwa Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, alipakiwa kimyakimya programu ya kunasa anachoandika kwenye kibodi. Hakuwa amefungua kiambatisho cha ajabu wala kubofya tangazo la bahati nasibu. Alitembelea tovuti aliyoizoea, basi. Shambulio hilo liliitwa Download.Ject, na lilipita kwenye matundu ya Internet Explorer ambayo mojawapo lilikuwa bado halina kiraka. US-CERT, kitengo cha Marekani cha kushughulikia dharura za kompyuta, kilipoorodhesha njia za kujikinga kiliandika na hii: tumia kivinjari kingine.

Mazingira ya wakati ule yanaeleza kwa nini ushauri huo ulikuwa na uzito. Internet Explorer ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001, na Microsoft, ikiwa imeshamaliza ushindani na kivinjari cha Netscape, ilikaa hadi Oktoba 2006 ndipo ikatoa la 7. Miaka 5 ya kivinjari kimoja, kilichofungamanishwa na Windows yenyewe, chenye teknolojia ya ActiveX iliyoruhusu tovuti kuendesha programu kwenye kompyuta ya mtu kana kwamba mwenyewe ndiye aliyeiwasha. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 9, 2004, haikuwa na ActiveX kabisa, na injini yake, yaani sehemu inayosoma na kuchora kurasa, iliandikwa na watu wengine kwa msimbo mwingine. Tundu la Internet Explorer halikuwa tundu la Firefox. Kuhama kulimtoa mtu kweli kwenye nyumba inayovuja. Ndani ya mwaka mmoja hivi Firefox ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100.

Januari 2010 yakajirudia. Google ilitangaza tarehe 12 kwamba imeshambuliwa na wadukuzi kutoka China, na mlango mmojawapo walioutumia ulikuwa tundu la Internet Explorer lisilo na kiraka. Siku 3 baadaye ofisi ya Ujerumani ya usalama wa habari, BSI, iliwaambia wananchi watumie kivinjari kingine hadi tundu lizibwe, na Ufaransa nayo ikatoa ushauri kama huo. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 21. Aprili 2014 ushauri wa aina hiyo ukatoka tena Marekani kwa tundu lililogusa matoleo ya 6 hadi 11. Angalia maneno waliyoyatumia: hadi lizibwe. Hakuna aliyesema Internet Explorer ni mbaya milele. Walisema kuna tundu wazi leo, hakuna kiraka leo, kwa hiyo tokeni leo.

Sasa rudi kwenye simu yenye Android 9. Kwake hiyo "leo" haina mwisho, maana kiraka cha Chrome hakiji tena. Firefox ya Android, kwa upande wake, bado inapokea masasisho kuanzia Android 8 kwenda juu. Ilipofika toleo la 144, Oktoba 2025, iliacha Android 5, 6 na 7 lakini ikabaki na 8 na 9. Kwa mwenye simu hiyo basi kuna sababu ya wazi ya kuhama, na haihusiani na nani anapenda nembo gani. Mwenye Android 7, ambaye Chrome ilimwacha mwishoni mwa 2023, hana tena pa kuhamia miongoni mwa hivyo viwili, na namwambia ukweli bila kuzunguka: simu hiyo iwe ya kupiga, kupokea na kusikiliza redio, lakini mambo ya benki yafanyike kwingine.

Kompyuta zetu zina hadithi hiyohiyo, na huko ndiko ninakopata wasiwasi mkubwa zaidi. Ingia steshenari yoyote jirani na chuo, au saiba ya mtaani Nairobi au Kisumu. Vijana wanapakia vyeti kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ya Tanzania, wanaomba kazi serikalini, wanajaza marejesho ya kodi kwenye iTax ya Kenya, wanaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya huko. Wanaacha kwenye mashine moja namba za kitambulisho, nywila, picha na vyeti vya kuzaliwa. Mashine za Windows 7 bado utazikuta humo, kwa sababu zinafanya kazi na mwenye duka hana fedha ya kununua nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 kwa umma Januari 2020. Chrome iliiaga Windows 7 na 8.1 kwa toleo la 109. Toleo la 110, Februari 2023, lilidai Windows 10. Lakini Firefox 115, toleo la muda mrefu lililotoka Julai 2023, liliendelea kupewa viraka kwenye Windows hizo za zamani, na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ikausogeza mbele mwisho wake zaidi ya mara moja.

Mwenye steshenari anayefungua Chrome 109 leo anawahudumia wateja wake kwa kivinjari ambacho matundu yake yamerundikana tangu mwanzoni mwa 2023, mengi yakiwa yameelezwa hadharani kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Kuweka Firefox 115 hakuiponyi Windows 7, ambayo yenyewe ina majeraha yake. Lakini kunaziba sehemu ya mashine inayokutana na dunia kila dakika. Hata hivyo, toleo hilo nalo lina mwisho, na anayelitegemea afuatilie tangazo la Mozilla badala ya kudhani limepewa uhai wa kudumu.

Upande wa pili wa hoja yangu huwaudhi watu, nao ni kwamba kuhama kwingi kunakofanywa kwa jina la usalama hakuhamishi chochote. Opera iliacha injini yake na kuhamia ya Chromium, mradi wa msimbo ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake, mwaka 2013. Microsoft yenyewe ilifanya hivyo kwa Edge, na toleo jipya likatoka Januari 2020. Brave, Vivaldi na kivinjari cha Samsung vyote vinajengwa juu ya msingi huohuo. Anayetoka Chrome kwenda Edge au Brave anabadilisha sera, menyu na mmiliki, na huenda ana sababu nzuri kabisa za faragha. Lakini tundu likipatikana kwenye injini ya Chromium, linakuwa la wote.

Tena hapa kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu. Mhandisi anapoziba tundu, badiliko lake linaonekana kabla halijafika kwenye simu za watumiaji, na mdukuzi mwenye subira anaweza kulisoma na kujua tundu liko wapi. Google yenyewe imeeleza kwamba pengo hilo liliwahi kuwa na wastani wa siku 35, likashuka hadi 15 hivi, na kuanzia Chrome 116, Agosti 2023, ikaanza kutoa masasisho ya usalama kila wiki ili kulipunguza zaidi. Sasa fikiria kivinjari kinachokopa msimbo huo kisha kinachelewa kuchukua viraka kwa mwezi mmoja au miwili. Matundu yake yameshatangazwa, ramani iko mezani, na watumiaji wake hawana taarifa. Kivinjari cha aina hiyo ni hatari kuliko Chrome aliyoikimbia mtu, hata kama tangazo lake limejaa picha za kufuli na ngao. Kwa hiyo kabla hujakihamia chochote kilichojengwa juu ya Chromium, kikiwemo kile kilichokuja na simu kutoka dukani, nenda kwenye mipangilio, fungua sehemu ya "Kuhusu", tazama ni namba gani ya Chromium wanayotumia, kisha linganisha na ya Chrome ya wiki hiyo. Zikipishana sana, jibu umelipata.

Hata injini tofauti si kinga kamili. Septemba 2023 Apple na Citizen Lab, watafiti wa usalama wa mtandao wa Chuo Kikuu cha Toronto, waliripoti tundu kwenye libwebp, maktaba ndogo ya kusoma picha za aina ya WebP. Maktaba hiyo ilikuwa ndani ya Chrome, Edge, Brave, Opera na Firefox pia, maana hakuna anayeandika kila kitu upya. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha, na wapo waliokuwa wameshaanza kuitumia. Chrome ilitoa kiraka Septemba 11, Firefox Septemba 12. Siku hizo mbili tofauti ya majina haikuwa na maana. Aliyepona ni yule ambaye kivinjari chake kilijisasisha, awe wa Chrome au wa Firefox.

Ndiyo sababu natazama kasi ya kuziba kuliko nembo. Oktoba 2024 ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilipowaletea Mozilla ushahidi wa tundu la Firefox lililokuwa likitumiwa na wadukuzi, kiraka kilitoka ndani ya saa 25. Shirika linaloweza kufanya hivyo linastahili kuaminiwa na mtu anayehamia kwake. Lakini niwe mkweli pia kwa upande wa pili: mwenye simu mpya, yenye Android ya karibuni na RAM ya kutosha, hana sababu ya haraka ya kiusalama ya kuikimbia Chrome. Chrome hutenganisha tovuti ili iliyo mbovu isichungulie data za iliyo jirani, na kwenye Android Firefox imechelewa kuufikia ulinzi huo. Hata ndani ya Chrome yenyewe, Google ilipouleta ulinzi huo kwenye Android mwaka 2019 iliuwasha kwa tovuti ambazo mtu huingia kwa nywila, tena kwenye simu zenye RAM ya GB 2 au zaidi. Wenye simu ndogo, ambao ndio wengi kwenye masoko yetu ya mitumba, waliachwa nje tangu mwanzo. Umaskini wa kifaa unageuka umaskini wa usalama, na hili linaniumiza kuliko ugomvi wowote wa vivinjari.

Kwenye iPhone mambo ni mepesi zaidi kuyasema. Nje ya maeneo machache yaliyoilazimisha Apple kwa sheria, kama Umoja wa Ulaya, kila kivinjari cha iPhone hutumia injini ya WebKit ya Apple. Ukihama Safari kwenda Firefox ukiwa Mombasa, injini ni ileile na viraka vyake huja na masasisho ya iOS. Sasisha simu.

Kuna kuchanganya kwingine ambako kumewagharimu watu wa kwetu miaka mingi, yaani kuchukua unafuu wa bando kama usalama. Opera Mini ilipendwa Afrika Mashariki kwa haki kabisa: ilifungua kurasa kwenye simu za vitufe na mtandao wa kusuasua, ikabana data. Ilifanyaje? Ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulipita kwanza kwenye seva za Opera, ukafunguliwa humo, ukapunguzwa, ndipo ukatumwa. Maana yake, katika hali hiyo ya kubana, usimbaji, yaani kuficha data ili asiyehusika asiisome, kati yako na benki haukuwa wa moja kwa moja. Palikuwa na mtu wa kati, na Opera yenyewe ilikuwa ikiwaeleza watumiaji kwamba anayetaka usimbaji wa mwisho hadi mwisho atumie kivinjari kamili. Kusoma habari za mpira kwa njia hiyo hakuna tatizo. Kuingia benki ni jambo jingine.

UC Browser ni kisa kizito zaidi. Mwaka 2015 Citizen Lab walionyesha kwamba kivinjari hicho, mali ya Alibaba, kilikuwa kikivujisha namba za utambulisho za simu na laini, maneno ya utafutaji na mahali mtumiaji alipo, baadhi bila usimbaji wa maana. Mwaka 2019 Doctor Web, kampuni ya kupambana na virusi vya kompyuta, wakaonya kwamba kilikuwa na uwezo wa kupakua vipande vya programu kupitia njia isiyosimbwa, ambavyo mtu wa kati angeweza kuvibadilisha. India ilikipiga marufuku Juni 2020, ingawa huko siasa za mpaka na China zilikuwa na uzito wake. Mamilioni walikihamia kwa sababu kilikuwa chepesi na kilizuia matangazo. Walihama, ndiyo, lakini waliingia pabaya zaidi.

Bando linagusa pia viraka vyenyewe. Watu huzima masasisho ya Play Store ili kuokoa data, na siwalaumu. GB moja ina bei na mfuko una mipaka. Lakini kama kuna programu moja ya kuachiwa ijisasishe yenyewe, iwe kivinjari. Zima ya michezo, zima ya video, hiyo iache. Na ukibofya kiungo ndani ya programu ya mitandao ya kijamii, mara nyingi hakifunguki kwenye kivinjari ulichokichagua kwa uangalifu bali ndani ya programu hiyohiyo. Ukitaka kuandika nywila, chagua kwanza kukifungua kwenye kivinjari chako.

Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari, sitavizungumzia sana, ila hili lisisahaulike. Desemba 2024, wakati wa Krismasi, wadukuzi walimlaghai mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama, wakapata njia ya kuchapisha toleo chafu la kiendelezi chake cha Chrome. Kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000, nacho kilijisasisha chenyewe kama kilivyopaswa. Mtu anayehama Chrome kwenda Brave kwa usalama, kisha akahama na viendelezi vyake kumi na viwili asivyovikumbuka, amebeba wapangaji wa zamani na funguo zao.

Linalobaki haliko mikononi mwa mtumiaji. Korea Kusini ilitufundisha somo ghali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilitengeneza mfumo wake wa usimbaji, SEED, na benki zake zikaujenga juu ya ActiveX. Kwa miaka mingi Mkorea hakuweza kulipa wala kuingia benki mtandaoni bila Internet Explorer. Wakati Ujerumani inawaambia watu wake wahame, yeye hakuwa na pa kuhamia. Sheria na mifumo ya taasisi vilikuwa vimemfunga. Vyeti vya kidijitali vya kumtambulisha mtumiaji, vilivyotakiwa kisheria na vilivyokuwa kiini cha mfumo huo, vilipoteza nafasi yao maalumu Desemba 2020, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Mifumo yetu ya umma inajengwa sasa, na kila mfumo unaojaribiwa kwenye Chrome ya kompyuta ya mhandisi peke yake unaelekea njia hiyohiyo. Mwanafunzi mwenye Tecno ya Android 9, aliyefanya jambo sahihi akaweka Firefox, hapaswi kukutana na kitufe cha "Wasilisha" kisichobonyezeka usiku wa mwisho wa maombi ya mkopo, maana atakachofanya ni kurudi Chrome 138, au kwenda steshenari kwenye Chrome 109. Tume ya TEHAMA ya Tanzania, e-GA, ambayo ni mamlaka ya serikali mtandao ya huko, na wenzao wa Kenya wana uwezo wa kulizuia hili wakiwa bado kwenye hatua ya zabuni: mkataba useme mfumo ufanye kazi kwenye injini tatu, Chromium, Firefox na WebKit, ujaribiwe kwenye simu yenye RAM ya GB 2, na malipo ya mwisho yasitoke kabla jaribio hilo halijafaulu mbele ya mashahidi wa taasisi yenyewe.